Tangi Lililoegemea Chumba Chetu

Sauti ya utotoni ninayoikumbuka kuliko zote ni ya maji yakianguka nyuma ya ukuta wa chumba chetu cha kulala. Mvua ikishaanza kupiga bati, haukupita muda mfereji wa paa ulifurika ukamimina kila kitu ndani ya tangi la saruji, na kwa kuwa tangi hilo lilishikana na chumba tulicholala mimi na mdogo wangu, tuliyasikia maji kana kwamba yanaanguka mvunguni mwa kitanda. Mwanzoni yalikuwa na mwangwi, maana tangi lilikuwa tupu. Kadiri yalivyopanda, sauti ilizidi kuwa nzito na fupi, mpaka ikabaki mnong'ono tu, na hapo tukajua limejaa. Mdogo wangu anaitwa Mumbua, jina ambalo kwetu hupewa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Alikuwa na miaka mitano, mimi kumi na mmoja. Novemba hiyo ndiyo ya kwanza tangi letu kujaa, na tulilala na furaha ambayo mtu aliyekulia karibu na bomba hawezi kuielewa hata ukimweleza siku nzima.

Nyumbani kwetu ni mteremkoni, chini kidogo ya soko la Mitaboni, mahali ambapo mashamba yamekatwa matuta ili udongo usiteremke na kwenda zake. Mvua huko ni mgeni wa kubembelezwa, na mto wetu ni mchanga. Miezi mingi ya mwaka huoni maji. Unaona mchanga mweupe umelala kati ya kingo mbili, na mwenye haja hupiga magoti akachimba, kisha akangoja maji yajitokeze taratibu na kuyateka kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe. Mama alikwenda huko kila siku tangu alipoolewa. Alibeba mtungi wa lita ishirini mgongoni, umeshikwa na mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso, akapanda mlima saa nzima ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Punda hatukuwa naye. Pale mkanda ulipopita kichwani, nywele zilikuwa zimeacha kuota, na alipovua kitambaa ili ajichane niliuona ule mstari mtupu uking'aa kwa mafuta. Kwa muda mrefu nilidhani kina mama wote huzaliwa nao.

Baba alikuwa mfyatua matofali. Alichoma matofali ya watu wengine wakajenga, na alipochoka kumwona mama akiinama, aliamua kujenga tangi la matofali na saruji ambalo lingeshika mvua yote ya paa letu. Alimleta fundi kutoka Tala, mtu mfupi wa maneno machache, na siku ya kupima msingi fundi huyo alisimama kati ya kamba na ukuta wa chumba chetu akatikisa kichwa. "Mzee, wacha nafasi ya mtu kupita hapa katikati," alimwambia baba. "Maji na nyumba haikai pamoja." Baba alicheka. "Niache nafasi ya nani apite? Ya mwizi?" Na hakuwa akitania, kwa sababu miaka ya ukame watu walikuwa wakiamka na kukuta matangi yao yamenyonywa kwa mpira mpaka chini. Akaeleza kwamba maji hulindwa na masikio; watoto wakilala hapo, mtu akiligusa tangi watasikia. Zaidi ya hayo, ukuta wa chumba ungekuwa pia ukuta wa tangi, na matofali yaliyookolewa yangeongezwa juu, tangi liwe refu kuliko yote ya upande ule wa mlima. Fundi alisema tu, "Basi, ni yako," akaanza kuchanganya saruji. Nafikiri mtu wa nchi yenye maji mengi asingefanya kosa lile hata akiwa mlevi. Sisi tulilifanya tukiwa na akili timamu, kwa sababu tulikuwa tumezoea kuogopa kitu kimoja tu, yaani kukosa maji. Kwamba maji yenyewe yanaweza kuwa adui wa nyumba, nani angetufundisha?

Lilipojaa, watu walikuja kulitazama. Walilipigapiga kwa vifundo vya vidole wasikie lilivyoshiba, wakamsifu baba mpaka akaanza kutembea polepole uani kama chifu. "Akiba haiozi," aliwaambia kila mara, na wageni wakaitikia. Mama aliufungua mfereji wa tangi, akanawa mikono, akaufunga, kisha akaufungua tena bila sababu yoyote. Juma hilohilo alimpa jirani yetu mmoja mukwa wake, yule ambaye binti yake alikuwa karibu kuolewa, na alipotoka kuupeleka alirudi akiwa ameunyoosha mgongo kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Nilimwonea fahari siku hiyo. Mimi pia nilikuwa na mtungi wangu mdogo wa lita tano, na mwakani ningepewa wa kumi, kwa hiyo furaha ya mama ilikuwa yangu vilevile.

Ukungu ulianza Januari, shule zilipofunguliwa. Nilikwenda kuvaa viatu vya shule nilivyokuwa nimeviweka chini ya kitanda tangu Desemba, nikakuta vimeota manyoya ya kijivu, laini, kama vimezeeka wakati sisi tukila sikukuu. Mama alivipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akasema ni joto la mguu. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya gauni la Jumapili la Mumbua, kisha jalada la Biblia, kisha gunia la mahindi ya kukoboa ili kupika muthokoi lililoegemezwa ukutani. Harufu yake sijaisahau: harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa kwenye ndoo, na chini yake kitu kama udongo wa kaburi jipya. Ukutani kwenyewe palikuwa na doa jeusi lililoanzia sakafuni, upande wa tangi, likapanda likiwa na vidoa vidogovidogo vingi, mithili ya uji uliomwagikia nguo. Aibu tuliyoiona ilikuwa kubwa. Machakos nzima watu walikuwa wakilia vumbi, na sisi ndani ya nyumba tulikuwa tukikamua blanketi. Wageni waliendelea kusifu tangi kwa nje, nasi tukawakaribisha sebuleni na kuufunga mlango wa chumba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi hatukuwa na haraka ya kumwonyesha mtu kunguni wetu.

Baba hakuwa mvivu, hilo nalisema kwa haki yake. Shuleni tulikariri kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba aliziba ufa kila mwezi, na ukuta bado ulitushinda. Alipiga plasta mpya juu ya ile iliyolowa, ikakaa wiki tatu ikaanza kuvimba na kudondoka vipande vipande juu ya mto wa kulalia. Alipaka rangi ya mafuta, ile inayong'aa, akatuambia sasa maji hayatapata pa kutokea, na kweli hayakuonekana kwa muda, mpaka rangi ilipofanya malengelenge ambayo Mumbua aliyatoboa kwa kidole, maji yakamtiririkia mkononi. Jirani mmoja alisema tuchome makaa chumbani. Tukaweka jiko lililowaka, tukafunga dirisha ili joto lisitoke, na baada ya saa moja ukuta mzima ulikuwa ukitoka jasho na sisi macho yakituwasha. Leo najua kwamba ukuta uliolowa huponywa kwa kukata maji yanakotoka, kisha kwa upepo na subira, na kwamba rangi juu ya unyevu ni kumfunika mgonjwa shuka usoni. Wakati ule tulijua kupaka tu.

Kazi ya kupangusa ilikuwa yangu. Kila Jumamosi, baada ya kufua, mama alinichanganyia dawa ya klorini kwenye ndoo, akanipa brashi na kitambaa cha kufunga puani, nami nikausugua ukuta ule kuanzia juu kwenda chini mpaka weusi ukageuka rangi ya chai. Macho yalinichoma, vidole vilichubuka, na Jumamosi iliyofuata ukungu ulikuwa umerudi pale pale kama mpangaji mwenye ufunguo wake. Sijui kama kuna kazi inayochosha kuliko ile usiyoimaliza hata siku moja. Lakini mtu akisugua ukuta mmoja kila Jumamosi huufahamu kuliko aliyeujenga. Kwenye kona moja plasta ilikuwa imedondoka yote, matofali yakawa wazi, na nilizoea kuhesabu mistari yake kuanzia sakafuni nikifanya kazi ili muda upite. Februari, kiangazi kikiwa kikali, niliona kwamba unyevu umeshuka. Ulikuwa umefika mstari wa kumi na sita. Sasa ulikuwa wa kumi na tatu. Jioni hiyo baba aligonga tangi kwa nje, kama alivyofanya kila wiki kupima maji, na nikasikia sauti ikibadilika kutoka tupu hadi iliyojaa mahali palepale, usawa wa mstari wa kumi na tatu. Wiki iliyofuata nikahesabu tena, nikagonga mwenyewe. Kumi na mbili ndani, kumi na mbili nje. Aprili mvua ikanyesha, tangi likapanda, na unyevu ukapanda nalo mstari kwa mstari.

Nilielewa. Hakukuwa na kitu cha kutafuta zaidi: maji yalikuwa yakipita kwenye tofali, na dawa yake ilikuwa kulimwaga tangi na kuliacha tupu. Nilielewa nikiwa na brashi mkononi, nikaendelea kusugua, na sikumwambia mtu. Ningependa kusema niliogopa kumvunja moyo baba, na wakati mwingine nikisimulia habari hii ndivyo ninavyosema. Ukweli ni kwamba nilifikiria mto. Nilifikiria kuamka kabla ya kifungua kinywa, kwenda kupiga magoti mchangani na kungoja maji yajitokeze, kisha mlima, kisha shule nikiwa tayari nimechoka. Nilifikiria mtungi wa lita kumi. Upande mmoja palikuwa na mgongo wangu na wa mama, upande mwingine palikuwa na ukuta mchafu, na nikaona heri ukuta mchafu. Kifua cha Mumbua nilikuwa bado sijakiweka kwenye hesabu hiyo.

Maana Mumbua alikuwa ameanza kukohoa. Kitanda chetu kilikuwa kimoja, na yeye alilala upande wa ukuta kwa sababu mtoto mdogo huwekwa mahali asipoweza kuanguka. Kikohozi chake kilianza kama mchezo, kikohozi kidogo cha asubuhi ambacho kilikwisha akinywa uji. Kufikia Mei kilikuwa hakisubiri asubuhi. Akikimbia kutoka lango mpaka mlangoni alisimama akashika magoti, na ukiinamisha sikio kifuani pake ulisikia filimbi nyembamba ikipigwa mbali. Mama alimpaka mafuta ya kuchua, akamnywesha maji ya tangawizi, akamvika sweta mbili. "Ni baridi tu," alisema, na kweli ulikuwa umeingia msimu wa baridi, wakati mvua ya manyunyu inapokaa juu ya vilima vya Iveti siku nzima na nguo haikauki kwenye kamba. Tulimhamishia sebuleni wiki mbili. Lakini nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule tu, harufu ilikuwa imeshaingia kila mahali, na godoro lake lilikwenda na ukungu wake. Nami nilikuwa nikimtazama, nikijua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yule aliyekuwa akiyaficha maradhi haya hakuwa hata mgonjwa mwenyewe.

Siku ilipofika ilikuwa asubuhi ya Julai, saa nne hivi. Mumbua aliniita nje ya jikoni na hakuweza kulimaliza jina langu. Alisema nusu yake, akavuta pumzi, mabega yakapanda mpaka masikioni, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mama alimbeba mpaka barabarani, jirani mwenye pikapu akatupeleka Machakos mjini, nami nikaenda nao kushika mfuko wa nguo. Hospitalini walimwekea kitu cha mvuke puani, na kwa muda wa saa moja hivi tuliketi tukimwangalia akirudi kidogo kidogo. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Aliuliza kama tunapikia kuni, kama kuna paka, kisha akauliza, "Nyumba yenu iko na unyevu?"

Mama alimtazama kana kwamba ameulizwa kama tunafuga samaki. "Unyevu, daktari? Sisi ni watu wa Machakos. Unyevu tutatoa wapi?" Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, hata daktari akatabasamu na kuanza kuandika. Nilimwangalia Mumbua. Ngozi kati ya mbavu zake ilikuwa bado inazama kila alipovuta pumzi. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ukuta wetu uko na maji. Inatoka kwa tangi. Tangi ikishuka, inashuka. Ikijaa, inapanda. Nimehesabu." Daktari aliweka kalamu chini, akaniuliza mambo mawili matatu, kisha akamgeukia mama, na bila kumlaumu akamwambia kwamba mtoto yule akiendelea kuvuta hewa ya ukuta ule, safari nyingine huenda pikapu isimwahi. Siku tatu tulizokaa pale mama alinipa chakula, akanifunika leso nilipolala, lakini hakuniangalia machoni.

Tuliporudi, nilimwonyesha baba. Nilimhesabia mistari ndani, kisha tukatoka tukagonga nje, na mara ya tatu alinizuia mkono. Alikaa juu ya jiwe la kufulia akiliangalia tangi lake, mwanamume aliyesifiwa na mlima mzima. Nilidhani yeye ndiye atakayekataa. Lakini aliinuka na kusema, "Tutafungua." Aliyekataa ni mama. "Ufungue maji mwezi wa saba?" aliuliza. "Na mvua ni mwezi wa kumi na moja? Hapana. Mtoto atalala kwa shangazi yake. Maji haimwagwi." Baba akamwambia kwamba mtoto hawezi kuishi kwa shangazi wakati ana kwao. Mama akasema hajakataa mtoto wake, amekataa mto. Sauti yake ilipanda ikakatika. "Si wewe unaenda huko! Ni mimi naenda! Wewe ulijenga hii, sasa ni mimi nalipa!" Kisha akalia mbele yetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwenye matanga, na alipomaliza akajipangusa uso kwa pindo la leso, akaingia ndani, akatoka na sufuria zote, ndoo zote na karai la kuogea, akazipanga chini ya mfereji wa tangi.

Baba hakuyamwaga maji yale ardhini. Alituma habari kwa majirani kwamba mwenye chombo aje. Wakaja kwa siku tatu, na mitungi, na punda, hata na vibuyu, wengine wakidhani tumepata wazimu, wengine wakitubariki kwa Mungu. Mama alisimamia mfereji ule mwenyewe kuanzia asubuhi hadi jioni. Alijaza chombo cha kila mtu mpaka shingoni, akakifunga, akaita mwingine. Walimshukuru wote. Aliwajibu wote, "Haya." Siku ya tatu tangi lilikohoa hewa na tope, na yule jirani aliyepewa mukwa alikuja kuurudisha bila kuombwa. Mama aliupokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea kitu.

Jumatatu tulikwenda mtoni pamoja. Nilipewa mtungi wa lita kumi na mkanda wa gunia kuukuu, na tulikwenda kila siku ya Mungu mpaka Novemba, na baada ya hapo pia, kwa sababu ilimchukua baba miaka mitatu kujenga tangi jingine, la pili, likiwa limesimama peke yake na nafasi ya mtu kupita. Ukuta tuliukwangua plasta na rangi yote. Baba alipanua dirisha, akatoboa matundu ya hewa karibu na dari, akalivunja tangi, akauacha ukuta wa chumba tu, ili jua liyapige matofali pande zote mbili, na bado yalichukua karibu miezi mitatu kukauka. Godoro tulilichoma. Ndipo tukapaka chokaa, wala si rangi ya mafuta. Kufikia Oktoba Mumbua alikuwa akikimbia kutoka lango mpaka mlangoni na kurudi, akipiga kelele njia nzima, na mimi nilikuwa na jipu dogo pale mkanda ulipogusa paji. Nilikuwa nikimwonea hasira, kisha nikijionea haya kwa hasira hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Mambo yamebadilika. Baba alitangulia. Mlima wetu sasa umejaa matangi ya plastiki meusi yaliyowekwa juu ya vibao, mbali na kuta, na pale sokoni kuna kisima cha kuchimbwa kwa mashine ambapo mtu hununua mtungi na kuletewa na bodaboda. Vijana hawaujui mukwa ila katika picha. Mumbua anauza mitumba Tala; akifungua robota husimama kwanza hatua moja nyuma, na kifua chake humwambia kama nguo zilifungwa zikiwa na unyevu kabla hajazigusa. Wenzake humwita kwa ajili hiyo, naye hucheka. Mimi nimepanga Mlolongo, ghorofa ya tatu, kwa sababu ndiko kazi iliko. Vumbi la machimbo ya mawe hutufanya tufunge madirisha, bafu la jirani wa juu linavuja, na nyuma ya kabati la nguo, katika chumba cha mwanangu, ukungu umeota. Msimamizi wa ploti ameshapaka rangi mara mbili. Nimemwambia kwamba bomba ndilo la kutengenezwa, akaniambia, "Mama, plasta itakauka tu, ni hii baridi." Mfereji wangu una maji ninapoufungua, na bado ninasugua ukuta.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, tukichambua majani ya kunde na mama chini ya ukingo wa paa. Mgongo wake haunyooki tena. Akisimama anaonekana kama anayetaka kuokota kitu. Sijui kwa nini nilichagua siku hiyo. Nilimwambia kwamba nilijua habari ya ukuta ule tangu Februari, miezi mitano kabla ya hospitali, na kwamba nilinyamaza kwa sababu sikutaka kwenda mtoni. Nilisema haraka, kama mtu anayetema. Mama aliendelea kung'oa majani kutoka kwenye vikonyo.

"Ulifikiria ni wewe peke yako ulikuwa na macho?" aliniuliza. "Ni mimi nilikuwa naanika blanketi yake. Ilikuwa inalowa upande mmoja peke yake, upande wa tangi. Nilijua kutoka Krismasi."

"Na mbona hukusema, mwaitu?"

"Nilikuwa nimechoka," alisema. Akachukua shada jingine la kunde, akalitikisa mchanga. "Kila asubuhi nilikuwa najiambia, wacha leo, nitasema kesho. Akikohoa, nasema ni homa. Akilala vizuri siku moja, nasema, si unaona, imeisha."

Sikuwa na hasira naye. Nilitamani kuwa nayo, lakini nilipoitafuta nilimkuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa amenyoosha mgongo kwa miezi michache tu katika maisha yake, na aliyekuwa akiomba aachiwe mmoja zaidi. Tulipika zile kunde, tukala, na kesho yake nikapanda gari kurudi Mlolongo.

Mwanangu anaitwa Kyalo na ana miaka minane. Asubuhi husafisha koo mara tatu nne kabla ya kunisalimia, tangu Agosti. Nimekuwa nikisema ni vumbi la machimbo. Mama alichoka kwa sababu maji yalikuwa mbali, na aliponyamaza alikuwa analinda kitu. Mimi nikinyamaza nalinda nini? Kutafuta nyumba nyingine, kubeba vitu ngazi tatu, kumtafutia mtoto shule upya, kuanza tena na majirani wasionijua. Hayo tu. Notisi ya kuhama niliiandika Januari. Iko juu ya meza, karibu na funguo, na kila asubuhi huwa nachukua funguo tu.